Kupanua ekseli ya nyuma ya mkonga: shajara ya mradi

Jumamosi, kabla hatujakata kitu

Gari ni mkonga, yani Toyota Land Cruiser ya pikapu, HZJ79, injini 1HZ, mbele koili, nyuma springi za bamba, breki za nyuma dramu. Inabeba matenki ya maji na vitu vya kambi, inatoka Arusha inafika Mto wa Mbu inaiacha lami kuu hapo, alafu inaingia njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron. Anayeijua ile njia anajua vumbi lake lilivyo laini kama unga, majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai yamejaa kila mahali, mvua ikinyesha sehemu za mbuga panakuwa udongo mweusi unaoshika tairi kama ugali.

Sasa shida yenyewe. Hizi gari mwaka 2007 Toyota walipanua uso ili V8 ya dizeli iingie, na mbele kukapanuka pamoja na ekseli yake, nyuma wakaacha kama ilivyokuwa. Nimepima kwa tepu kati ya tairi na tairi, mbele na nyuma vinapishana 95 mm, yani kila upande tairi la nyuma limeingia ndani karibu sm 5. Kwenye lami husikii kitu. Kwenye mchanga na matope ndo unajua, maana tairi la mbele likishakandamiza njia, la nyuma halipiti palepale, linapita nusu kwenye mfereji nusu kwenye ukuta wa mfereji, kwa hiyo injini inachimba mifereji minne badala ya miwili na bado gari inachezacheza matako kama inataka kulala upande. Mwaka jana nimekaa kwenye tope siku nzima na mzigo juu, gari jirani ya zamani yenye injini ileile ikapita pembeni yangu bila hata kuweka lo (gia za nguvu). Toka siku ile nikasema hii ekseli lazima iguswe.

Kila mtu ananiambia weka spesa, kile kipande cha kulisogeza tairi nje, kazi ya nusu saa. Sitaki spesa na nitasema kwanini. Ukiweka spesa (au rimu iliyochomoza, ni kitu kilekile) unalisogeza tairi mbali na beringi, uzito ambao beringi mbili za hab (kitovu cha gurudumu) zilikuwa zinaubeba katikati unahamia nje, beringi ya nje inabeba zaidi ya haki yake na stadi za gurudumu nazo zinavutwa. Gari tupu ya mjini sawa. Gari yenye tani ya maji nyuma kwenye mawe, hapana. Ninachotaka mimi ni hausingi yenyewe (bomba la nje la ekseli) iongezeke 47.5 mm kila upande, ili hab, beringi, dramu na tairi vyote vihame pamoja, beringi isijue hata kama kuna kilichobadilika.

Jumapili

Tumeishusha ekseli. Nimefanya na dogo mmoja wa gereji, kijana mzuri anasikiliza. Nati za flanji ya shafti (fito ya ndani inayozungusha gurudumu) zina zile washa za koni, usipambane nazo kwa bisibisi utaharibu flanji, legeza nati ibaki mwisho wa stadi alafu gonga flanji kwa nyundo ya shaba, koni zinaruka zenyewe.

Nilimuonyesha dogo jinsi shafti inavyochomoka gari ikiwa bado imesimama kwenye tairi zake. Akashangaa, "Kaka, sasa gari inabebwa na nini?" Ndo uzuri wa fulu floti. Uzito wa gari umekaa kwenye hausingi na beringi za hab, shafti kazi yake ni moja tu, kusokotwa. Haibebi hata kilo. Kwa hiyo maswali yangu ni mawili yaliyotengana kabisa, hausingi inayopinda na shafti inayosokotwa, na nimeamua kuyashughulikia hivyo.

Jumatano

Nimeenda kwa mzee wa lezi, ile mashine ya kukereza vyuma. Huyu mzee amekereza vyuma toka mi sijazaliwa. Shikamoo, marahaba, nikamwekea shafti ya zamani mezani nikamwambia naitaka hii ila ndefu zaidi kwa 47.5 mm.

Akaigeuza akasema, "Mwanangu, tafuta shafti ya Fuso iliyokufa, ni nene kuliko hii na ina flanji yake tayari, mi nitaipunguza nikukatie meno." Nikaona ni wazo zuri, chuma cha lori si kimezoea tani. Kuna fundi mwingine pale nje akasema tukate ya kwetu katikati tuunge kwa welda, huyo mzee alimkata kauli kabla mi sijafungua mdomo. Shafti haichomelewi. Haijalishi welda ni nani, joto la weldi linaua ugumu wa chuma pale pembeni ya mshono na itakatika hapohapo, mara nyingi ukiwa mlimani na breki ya mkono ikiwa imeisha.

Tukakubaliana Fuso.

Wiki ya pili, hausingi

Hapa ndo nimetumia muda mwingi na sijuti hata dakika moja.

Kwanza mkongojo, yani fito ya kupimia unyoofu. Mzee alikereza fito ya chuma mita 2 iliyonyooka kabisa, alafu bushi nne, mbili zinakaa kwenye viti vya beringi vya difu na mbili kwenye ncha za hausingi. Difu bovu tulilitoa krauni na pinioni tukabakiza boksi lake tupu, tukalifunga mahali pake na bolti zote, fito ikapita kutoka ncha hadi ncha. Ukiizungusha kwa mkono na ikazunguka laini ina maana ncha mbili na difu viko kwenye mstari mmoja. Bila hiki kitu unachomelea kwa kukisia, na ekseli iliyopinda inakula tairi, inakula sili, mwisho inakula shafti.

Kabla ya kukata tulipiga alama ndefu kwa senta panchi juu ya bomba ili ncha isizunguke ikirudi, maana sahani ya breki ikigeuka digrii tano tu basi mabomba na kebo ya hendibreki vyote haviji. Kata iko nje ya kiti cha springi, kati ya springi na sahani ya breki, ila mbali na ile ncha yenyewe ya beringi kwa sababu chuma chake ni tofauti na bomba, ni kigumu na hakipendi weldi.

Kipande cha kuongeza tulikereza kutoka bomba nene lisilo na mshono, kipenyo cha nje na ndani sawa na hausingi. Kingo zote zimechongwa mshazari wa digrii 30, kati ya kipande na kipande tumeacha nafasi ya 3 mm ili weldi ya kwanza iingie mpaka ndani. Watu wengi hapa wanakutanisha vyuma viwili vimebanana alafu wanapaka weldi juu, kwa macho inapendeza, ukiikata katikati unakuta imeshika ngozi tu.

Rodi za kuchomelea ni 7018, pakiti mpya, na tulizitunza kwenye sanduku lenye joto mpaka dakika ya kutumika. Rodi za aina hii zikilala nje usiku zinavuta unyevu, ule unyevu unaleta hidrojeni ndani ya weldi na ufa unaweza kutokea kesho yake wakati umeshaondoka unafurahi. Hausingi tuliipasha moto mpaka kama digrii 150 kwanza. Alafu vishikizo vinne, juu, chini, kulia, kushoto, ndo tukaanza vipande vifupi vifupi, ukichomelea sm 3 juu unahamia chini, kisha kulia, kisha kushoto. Tukimaliza raundi tunaizungusha fito. Ikigoma tunasimama.

Upande wa kulia ulitoka vizuri mara ya kwanza. Wa kushoto ulivuta, nilipoweka dayo geji (saa ya kupimia mpindo) ncha ilikuwa imetoka nje ya mstari kwa 1.8 mm. Dogo akashika kichwa. Mzee aliitwa, akaja na gesi, akapasha kidoa kidogo upande uliotuna mpaka kikawa chekundu, akaacha kipoe taratibu, kikipoa kinavuta chuma kurudi. Akarudia mara tatu, kila mara anapima. Mwisho geji ikasoma 0.3 mm. Nilisimama pale namwangalia na nilijisikia heshima kubwa kwa yule mzee, hakuna aliyemfundisha kwenye darasa lenye projekta ila anajua chuma kinafikiri nini.

Baadae tulipaka ile dawa nyekundu ya kutafuta nyufa, ukaifuta, ukapulizia nyeupe juu yake, ufa ungekuwepo wekundu ungechora mstari. Hakuna mstari hata mmoja. Alafu tukaongeza mbavu chini ya hausingi, bamba la 6 mm, kutoka kiti cha springi kwenda kwenye tumbo la difu kila upande. Sababu ni kwamba springi zimebaki palepale na tairi limeenda nje, mkono wa kupindisha bomba umekuwa mrefu zaidi.

Wiki ya tatu, shafti za Fuso

Zimetoka lezini zinang'aa. Mzee alisaga kisu chake mwenyewe kifanane na nafasi ya meno ya shafti ya zamani. Meno ni 30, kwenye ile mashine ya kugawanya unazungusha mkono mara moja kamili na mashimo 5 kwenye duara la mashimo 15, hapo umehama digrii 12, unakata, unarudia mara 30. Nilikaa kwenye kiti nahesabu naye maana ukikosea moja umeua shafti nzima. Tukatoboa flanji upya matundu yafuate stadi zetu.

Kabla ya kuziingiza nilichora kila moja mstari wa rangi nyeupe kutoka flanjini mpaka kwenye meno. Kitu kidogo ila fanya, utaona kwanini.

Ijumaa, wiki ya tatu

Jaribio la kwanza. Kuna korongo la mawe kabla ya kufika Engaruka, nikaingia nalo na mzigo, lo gia, difu loki ya nyuma imefungwa ili tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja. Gari ikapanda vizuri tena imetulia, nikaona mambo ndo haya. Kurudi nyumbani nikasikia mlio flani wa kugonga nikitoa mguu kwenye klachi.

Nikachomoa shafti. Mstari mweupe wa kulia ulikuwa umejisokota kama uzi kwenye kijiti, karibu na meno umehama kama digrii 15. Haijakatika, imejisokota na haikurudi. Meno yenyewe yamelala upande.

Kosa ni langu kwa sababu nilipenda unene nikasahau moto, yani jinsi chuma kilivyopikwa. Shafti za lori nyingi zinafanywa ngumu juujuu tu, ganda la nje ndo gumu na kiini ni laini, kusudi ivumilie mshtuko. Sisi tulichukua shafti nene tukakereza lile ganda lote likaisha, tukabaki na kiini. Tulitupa nyama tukala mfupa.

Jumatatu

Leo ndo nimekaa na kalamu, kitu ambacho ilibidi nikifanye mwanzo. 1HZ inatoa msokoto wa Nm 285 kwenye mizunguko 2200. Gia ya kwanza chukua mara 4, lo mara 2.5, difu 4.3, ukizidisha zote unapata zaidi kidogo ya Nm 12,000 kwenye magurudumu. Hakuna shafti ya ukubwa huu inayobeba hiyo yote peke yake. Ila tairi nalo haliwezi kupokea zaidi ya linavyoshika ardhi, likizidiwa linateleza. Gurudumu lenye kilo 1000 juu yake, nusu kipenyo mita 0.4, kwenye mwamba mkavu unaoshika sana, ni 1000 mara 9.81 mara 0.4, kama Nm 3,900. Huo ndo msokoto wa kweli ambao shafti moja inaweza kuuona tairi nyingine ikiwa hewani na loki imefungwa, ukiacha mishtuko.

Shafti yangu sehemu nyembamba ni 34 mm. Msokoto huo kwenye kipenyo hicho unaleta mkazo wa karibu MPa 510. Chuma cha En24, aloi ngumu ya kutengenezea shafti, kikiuzwa vile kinavyouzwa, kimeshapikwa hali ya T, kinaanza kulegea kwenye MPa 680 ukikivuta, na kwa kusokotwa chukua 0.58 ya hapo, unapata karibu 400. Kwa hiyo hata ningenunua En24 nzuri ya dukani nikaikereza tu, ingejisokota kama ile ya Fuso! Lazima ipikwe tena ifike kama 1200 kwa kuvutwa, ndo kwa msokoto unapata karibu 700 na una nafasi ya kupumua.

Nikampelekea mzee karatasi. Akavaa miwani akaisoma yote kimya, akaniambia, "Haya mwanangu, leo umekuja na kazi kamili."

Wiki ya tano

Fito za En24 zimefika. Safari hii tumebadilisha muundo, shafti ina meno 30 ncha zote mbili na flanji ni kipande peke yake chenye meno ndani, kinashikwa na sekilipi (pete ya chuma ya kuzuia). Kukereza flanji na shafti kutoka kipande kimoja kungetaka fito nene ya kutisha alafu zaidi ya nusu yake inakuwa takataka. Na faida nyingine, meno yakiharibika njiani nabadilisha flanji tu.

Meno tumekata kwanza ndo tukapeleka kwenye tanuru la umeme Moshi. Wamepasha mpaka kama digrii 840, wakazamisha kwenye oili zikiwa zimening'inia wima, ukizilaza zinapinda kama ndizi. Alafu zikarudi tanuruni kama digrii 490 ili zipunguze ukali, maana zikitoka kwenye oili zimekuwa ngumu ila zinavunjika kama kioo. Kuna joto la katikati, kama 250 mpaka 400, hilo niliwaomba wasilikaribie, chuma hiki kikipumzishwa pale kinakuwa kinyonge kwa mshtuko hata kama kipimo cha ugumu kinasoma vizuri. Zimetoka na ugumu wa HRC 41 na nyingine 40. Moja ilipinda 0.6 mm, imenyooshwa kwa presi.

Wiki ya sita, kufunga

Mambo madogo yanayokula siku. Mpira wa breki umebidi uwe mrefu, mabomba mawili ya breki nimepinda mapya, kebo ya hendibreki ilikuwa inavutwa kabla hata ya kuvuta nikahamisha kishikio chake. Kile kivalvu cha breki kinachosoma mzigo kupitia fimbo nimekirudisha kipimo kilekile, usikiache kinaning'inia, breki za nyuma hazitalingana na mzigo. Bomba la kupumulia difu nimelipandisha juu mpaka usawa wa bodi. Ekseli ya moto ikiingia mtoni inavuta pumzi ndani, na pumzi yenyewe ni maji.

Beringi za hab nimezipakia grisi mpya na sili mpya. Yuboti mpya nne, za zamani usirudishe.

Rangi nyeupe, mstari, flanji mpaka meno. Kila shafti.

Jumamosi, wiki ya sita

Mvua imenyesha usiku kucha nikashukuru Mungu. Korongo lilelile, mzigo uleule, loki imefungwa, nikapanda mara nne mfululizo, mara ya tatu tairi la kushoto likiwa hewani kabisa na la kulia likasota juu ya jiwe mpaka harufu ya mpira ikaja ndani. Hakuna mlio.

Alafu tukashuka kwenye udongo mweusi. Kwakweli siwezi kueleza vizuri, gari haichezi matako tena, inakwenda kama imewekewa reli, gia ya pili lo na hata sikuhitaji kukanyaga. Nikasimama upande wa pili. Dogo akaruka chini akarudi nyuma anaangalia, akaniita kwa sauti, "Kaka njoo uone, mistari ni miwili!" Nikaenda. Miwili kweli. Nikainama nikapima kwa tepu pale kwenye tope, tairi la nyuma limepita juu ya la mbele, alama ya meno ya tairi moja juu ya nyingine. Nilipiga picha nyingi nikamtumia mzee wa lezi, akajibu kwa kidole gumba kimoja.

Baada ya kilomita 1000

Nimechomoa shafti zote mbili. Mistari imenyooka kama siku ya kwanza, ya kulia na ya kushoto. Oili ya difu nimeimwaga, sumaku ya bolti ina unga mwembamba wa kawaida, hakuna chembe. Yuboti nilizikaza tena kwenye km 500, mbili zilikuwa zimelegea kidogo, hiyo ni kawaida ya yuboti mpya. Weldi nimezisafisha na kupaka ile dawa nyekundu tena, safi. Sili ya kushoto ilikuwa inatoa jasho, nimeibadilisha, nadhani niliikunja mdomo wakati wa kuiingiza.

Kilichobaki ni madigadi ya nyuma, tairi zimechomoza nje na zinarusha matope mpaka kwenye kioo cha pembeni. Nimeshapima, bamba liko kwa fundi bodi, wiki ijayo Alhamisi.